Mawingu ya Saa Nne

Fundi Zubair alikuwa akishuka ngazi ya tangi aliposema mzaha mmoja mdogo, na mzaha huo ulimkosesha Mbula raha kwa siku tatu.

"Mama Mumo, hapa kwenu mko na mawingu ya ajabu," alisema, huku akitafuta kidato kwa mguu. "Saa nne yanakuja. Yanaenda. Saa tisa yanakuja tena. Hata Januari, jua la kuchoma kichwa, kadi inaniambia wingu."

Mbula alikuwa chini ameishikilia ngazi. Aliikaza mikono bila kujijua.

"Kadi gani?"

"Hii hapa." Zubair alifika chini akafungua kiganja. Kilikuwa kidude cheusi, si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. "Kila kitu Mgeni anaona, hicho chombo chenu huko juu, kinaandikwa humu. Kompyuta ya chuo inasoma. Pale kuna wingu inatupa, inabaki na masaa ya jua wazi. Hayo ndiyo inapimia vumbi."

"Na yale imetupa?"

"Imeyatupa tu, mama." Alicheka kidogo. "Wingu halina faida kwetu. Lakini musijali. Kati ya vituo vyote ninavyozunguka, kioo chenu ndicho kisafi zaidi. Nimewasifu kwa ripoti."

"Ripoti iko wapi?"

"Ilifika kaunti tangu Ijumaa. Alhamisi itasomwa hapa kwenu."

Akaweka kadi mpya, akafunga mkoba, akaaga kwa adabu zake za nyumba za Waislamu wa Machakos mjini, mkono kifuani, akapanda pikipiki na kuondoka. Mbula alibaki ameishikilia ngazi ambayo haikuwa na mtu.

Lile tangi lina historia yake, na watu wa Katelembo hawaisahau ingawa waliolijenga wangependa isahaulike. Lilijengwa mwaka wa tisini na mbili. Wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walibeba mchanga kwa migongo kutoka mtoni wiki sita, kwa sababu mheshimiwa alisema mkileta mchanga sisi tutaleta maji. Mchanga ulifika. Maji hayajafika mpaka leo. Kabla ya hapo walikuja wapimaji wa matuta, wakapima, wakaenda na karatasi zao. Baadaye wakaja wa barabara, wakapigilia vigingi vyekundu katikati ya mahindi ya watu, wakaenda na karatasi zao. Katelembo imepimwa kuliko nguo ya bibi harusi. Na kila mara aliyepima ndiye aliyeondoka na jibu.

Kwa hivyo chuo kikuu kilipotafuta mahali pa juu pasipo na kivuli, kikaliona tangi lile kavu, na kikasema chombo kitakaa hapa na kulindwa na kikundi cha akina mama, mwethya mzima ulicheza ngoma. Mara hii kipimo kingekaa kwao.

Chombo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kigingi cha chuma, juu yake kichwa kidogo chenye kioo cheupe, na mkanda mwembamba mweusi uliopinda kama mshikio wa kikapu. Kila dakika mkanda ule ulizunguka na kupitisha kivuli juu ya kioo, ukalificha jua kwa muda wa kufumba jicho, kisha ukarudi mahali pake. Zubair aliwaeleza siku ya kwanza, kwa subira. Hewa ikiwa safi, mwanga hutoka kwenye jua lenyewe ukashuka moja kwa moja. Hewa ikiwa na vumbi, mwanga hugongana nalo na kutawanyika, ukaja kutoka kila upande, kama taa za lori kwenye ukungu wa asubuhi. Mkanda ukificha jua, chombo hujua ni mwanga kiasi gani umetoka kwenye jua na ni kiasi gani umetoka pembeni. Tofauti hiyo ndiyo vumbi. Wakaelewa. Wakakiita Mgeni, kwa sababu hakikuwa chao.

Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kwenye adabu. Kwa watu hawa, kitu cha kuazima hakirudi na uchafu. Ukiazima sufuria ya jirani kwa mazishi, unaisugua kwa jivu mpaka mwenyewe anaitilia shaka kama ni yake. Mwanamke akirudisha jembe lenye udongo, habari zake hufika sokoni Kyumbi kabla yake. Karatasi ya maagizo, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kubandikwa mlangoni, ilisema kioo kipanguswe kila asubuhi kwa kitambaa laini. Walipangusa. Lakini saa nne king'ora cha machimbo ya kampuni ya kokoto kililia, mlima ukapasuliwa, na wingu la vumbi jeupe likaanza kushuka. Wangefanya nini? Mgeni akae huko juu alishwe mchanga? Mbula alichukua beseni lake kubwa la kufulia, akapanda ngazi, akamfunika. Vumbi lilipotulia akamfunua. Saa tisa hivyo hivyo. Wakagawana zamu. Miezi saba, hakuna aliyekosa zamu yake hata mara moja.

Miezi saba Mgeni aliona kila kitu isipokuwa kile alicholetwa kukiona.

Jioni ile Mbula alimpata Kamanthe akipepeta pojo nyuma ya nyumba. Kamanthe alikuwa katibu wa mwethya na mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, na walikuwa wamejuana tangu wakiwa wasichana. Mbula alimweleza yote bila kupumzika. Kamanthe hakuacha kupepeta.

"Umemwambia Zubairi?"

"Nimwambie namna gani? Amenisifu."

"Basi hujamwambia. Na usimwambie."

"Kamanthe, ripoti itasema hewa ni safi. Wataleta ile mashine ya pili ya kusaga mawe."

"Na ukisema ni sisi tulifunika, hawataleta?" Aliweka ungo chini. "Watasema tumeharibu kitu cha chuo. Watasema tulilipwa na mtu. Mgeni atachukuliwa, sisi tubaki na aibu, na mashine ije vile vile. Wewe umeona lini mtu wa huku akisema nimekosa, akaambiwa asante?"

Mbula alichambua pojo chache ungoni. Alikuwa ameona wengi wakisema wamekosa. Wote walikuwa maskini.

"Kaa na mdomo wako," Kamanthe alisema, sasa kwa upole. "Alhamisi tupige kelele kama wengine. Tuseme tunakohoa."

"Tulisema tunakohoa mwaka juzi. Wakatuuliza ushahidi uko wapi."

Mashine ya pili ya kusaga kokoto ingewekwa kwenye ukingo wa juu, hatua mia mbili kutoka uzio wa Mbula. Ya kwanza ilikuwa ng'ambo ya mlima, na mume wake Ndunda aliifanyia kazi miaka kumi na moja, akapewa kofia lakini si kitambaa cha pua. Sasa Ndunda alikuwa mtu wa mlangoni. Kutoka kwenye kiti chake hadi chooni palikuwa hatua ishirini na nane, naye alipumzika mara mbili njiani, amejishikilia kwenye kamba ya nguo. Daktari wa mjini alikuwa amesema maneno machache: asivute vumbi tena. Kana kwamba Ndunda alikuwa akilitafuta.

"Una nini?" Ndunda alimuuliza Jumanne mchana. "Umetia mboga chumvi mara mbili."

"Sina kitu."

"Mh." Akavuta pumzi, ikamkwaruza kifuani. "Alhamisi... watasomaje?"

"Tutasikia."

"Nyinyi akina mama mmefanya kazi. Chombo hakidanganyi."

Mbula aliinuka akaenda kuangalia kuku ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Jumatano king'ora kililia saa nne. Zamu ilikuwa yake. Alifika chini ya ngazi na beseni mkononi, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akaushusha. Akifunika leo, anafunika akijua. Asipofunika, Kamanthe na wenzake watamuuliza kwa nini, na itabidi aseme mbele ya kikundi kizima kwamba kazi yao ya miezi saba ilikuwa upuuzi. Vumbi lilikuja, akasimama tu pale chini, likamwingia machoni na puani, na beseni likabaki mkononi, naye kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mtoto wa shule akipita alimsalimia mara mbili.

Alhamisi hema lilisimamishwa uwanja wa kanisa. Mbele walikaa wenye viti vya plastiki vyenye mikono, nyuma wenye viti visivyo na mikono, na pembeni wasio na viti. Mwenyekiti alikuwa mama mwembamba wa ofisi ya mazingira, mwenye miwani na sauti ya mtu ambaye ameendesha mikutano mingi na hakuna uliomfurahisha. Zubair alikaa kando yake na kompyuta magotini. Upande wa kampuni alikaa Muthoka. Huyo alizaliwa hapo hapo, alisomeshwa kwa michango ya hao hao akina mama, na sasa alivaa fulana yenye nembo ya kampuni na kuitwa afisa wa ujirani mwema.

Ripoti ilisomwa. Siku mia mbili na nane za kupima. Hewa juu ya Katelembo, katika masaa ya jua wazi, ni miongoni mwa hewa safi zaidi katika vituo vyote vya mradi.

Mnong'ono ulipita kwenye hema kama upepo kwenye mabua. Mzee mmoja aliuliza kwa Kikamba kama hao wamepima hapa au Nyeri. Watu wakacheka, kicheko kikavu.

Muthoka alisimama. "Mwenyekiti, sitaongeza mengi. Sisi tumekuwa tukiambiwa ni wauaji. Sasa sayansi imesema. Na hiki chombo hakikulindwa na kampuni, kimelindwa na mama zetu wenyewe hapa. Kwa hivyo nawashukuru." Akawageukia mwethya, akainama kidogo. "Asanteni, mwaitu."

Ilikuwa ile asante. Mbula angeweza kumeza ripoti. Angeweza kumeza na kicheko. Lakini kijana huyo, aliyemeza uji wa Mbula akiwa mtoto na pua inayotiririka, alimwita mwaitu, mama yangu, mbele ya umati na kumshukuru kwa kumzika mume wake akiwa hai. Kamanthe alimshika kanga, akavuta. Mbula alikuwa amekwisha kusimama.

"Mwenyekiti. Mimi ni Mbula, wa mwethya. Hiyo ripoti si ya kweli, na aliyeiharibu ni mimi."

Zubair aliinua kichwa.

Aliwaeleza. Hakupamba. King'ora, beseni, ngazi, zamu. Alipofika kwenye beseni mtu mmoja alicheka, halafu wengi, na hata wale wa viti vyenye mikono wakaficha midomo. Mbula alingoja kicheko kipungue.

"Tulikuwa tunamtunza," alisema. "Si wetu. Hatukutaka arudishwe na vumbi."

Mwenyekiti alivua miwani. "Fundi, ulijua jambo hili?"

"Hapana." Uso wa Zubair ulikuwa umepauka. Kazi yake nayo ilikuwa hatarini. "Nilipofika kioo kilikuwa safi. Nikasifu."

Muthoka alikuwa bado amesimama, na sasa alitabasamu kwa meno yote. "Mwenyekiti, mnaona. Ripoti ikiwapendelea ni sayansi, isipowapendelea ni beseni. Hawa wamechezea kifaa cha chuo miezi saba, wanakuja kujisifu. Nani atathibitisha ni lini walifunika na ni lini hawakufunika? Mwaitu, hebu tuambie. Hata Jumapili ulikuwa unatoka kanisani unapanda ngazi na beseni?"

Watu walicheka tena. Mbula alimjibu bila kufikiri, vile mtu anavyojibu kwenye kisima.

"Jumapili tupande kufanya nini? Jumapili si hampasui mawe."

Alikuwa ameshaanza kukaa. Akasimama nusu, amekunja goti. Neno lake mwenyewe lilikuwa limemrudia.

"Zubairi," alisema polepole. "Yale mawingu uliniambia. Ya saa nne na ya saa tisa. Angalia Jumapili."

Zubair alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali. Vidole vya fundi vilipita juu ya kompyuta, turubai likipigwa na upepo juu yao. Mbula alihesabu pumzi zake. Kama Jumapili nazo zina mawingu, basi amejivua nguo mbele ya watu bure.

"Jumapili hakuna," Zubair alisema. Akapanda hadi juu ya orodha, akashuka tena. "Hata moja la namna hiyo. Jumatatu mpaka Jumamosi, saa nne na dakika tano, saa tisa na dakika tano. Kwa nusu saa, mara nyingine dakika arobaini." Alisogea karibu na kioo cha kompyuta kama asiyeamini. "Krismasi mpaka mwaka mpya hakuna. Na hapa Machi, siku nane, hakuna."

"Machi mashine yao iliharibika," mtu alisema kutoka nyuma. "Walingoja kifaa kutoka Mombasa."

"Wingu gani hilo," Kamanthe alisema, sasa naye amesimama, kanga ya mwenzake bado mkononi, "linaenda kanisa Jumapili na likizo ya Krismasi? Muthoka, hilo wingu mmeliandika kazi?"

Safari hii kicheko kiliinua hema. Muthoka alikaa.

Mwenyekiti hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, akapiga mstari, akaandika tena. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuchoka, kwamba mambo ni mawili. Kwanza, shimo kwenye kipimo si kipimo. Mashimo hayo yanaonyesha ni lini mlima ulipasuliwa, hayaonyeshi vumbi lilikuwa kiasi gani, na yeye hawezi kuandika kwamba hewa ni mbaya. Pili, hawezi pia kutia sahihi ripoti iliyotupa masaa yale tu ambayo watu wanalalamikia. Chombo kitakaa miezi mitatu zaidi. Kioo kitapanguswa alfajiri na baada ya hapo hakuna mkono utakaokigusa. Uamuzi wa mashine ya pili utangoja.

Haukuwa ushindi. Mbula alilijua hilo kabla ya kufika mlangoni mwa uwanja, ambako Muthoka alimngoja, mikono mfukoni.

"Umefanya vizuri, mwaitu," alisema chini chini. "Lakini umefikiria? Tukinyamaza miezi mitatu, hicho chombo chako kitaona hewa ya mbinguni. Wazi kabisa. Bila beseni."

Akaenda zake.

Ijumaa hapakuwa na king'ora. Jumamosi hapakuwa na king'ora. Jumatatu mlima ulikaa kimya kama umekufa, na anga lilikuwa la buluu Ukambani kote. Ndunda alitembea hadi chooni akapumzika mara moja tu. Mbula alimtazama akirudi, akafurahi, na wakati huo huo akaogopa. Kila saa ya hewa safi ilikuwa inaandikwa kwenye kadi. Kila pumzi nzuri ya mume wake ilikuwa hoja ya kampuni. Alijikuta amesimama uani saa nne, sikio limeelekea mlimani, akiomba, na alipotambua anachokiomba aliingia ndani akajifunga mlango.

"Unaogopa hawatapasua," Ndunda alimwambia. Hakuwa anauliza.

"Naogopa watapasua. Na naogopa hawatapasua."

"Hawatakaa miezi mitatu." Alivuta pumzi. "Nawajua. Malori yanangoja... kule barabara mpya. Hawajawahi kungoja kitu."

Jumatano, saa nne kasoro robo, malori manne yalipanda mlima. Kisha king'ora.

Mbula alikimbia hadi kwenye tangi akamkuta Kamanthe ameshafika, na wengine watatu wakija na leso vichwani. Walipanda wote, mzigo ambao ngazi ile haikuwa imewahi kubebeshwa. Ardhi ilishtuka. Vumbi likanyanyuka nyuma ya ukingo, jeupe, zito, likajitandaza na kuanza kuteremka kuelekea kwao bila haraka.

Mkanda mweusi ulizunguka. Ukapita juu ya kioo, ukarudi.

"Mama Mumo," Kamanthe alisema. Mikono yake ilikuwa imejiinua yenyewe, vidole vimetanuka, kama anayetaka kumkinga mtoto. "Linaingia."

"Acha liingie."

"Kioo chote kitakuwa..."

"Kamanthe. Acha."

Alimshika mikono yote miwili akaishusha. Likawafikia. Jua likageuka njano, kisha likawa kama sahani ya bati unayoweza kuitazama kwa macho. Walikohoa, wakafunika pua kwa leso, wakasimama wamezunguka kigingi kile kwa mbali kidogo, wasiweke kivuli. Unga mweupe ulitua juu ya kioo, tabaka jembamba, halafu jingine. Chini, kutoka upande wa nyumbani kwake, Mbula alimsikia Ndunda akianza kukohoa. Alihisi furaha kwamba sasa Mgeni analiona vumbi, na akaona aibu kwa furaha hiyo, na hakusogea.